Michezo Midogo na Theolojia ya Msalaba

Kwa zaidi ya miaka kumi nimewahubiria vijana wa kipaimara dhidi ya michezo ya kompyuta. Hoja zangu zilikuwa tatu, na wanafunzi wangu wa zamani wanaweza kuzitaja bila kukosea: michezo hiyo inakula muda ambao Mungu ametupa, inawazoesha watoto kuua, na inawafundisha kwamba maisha ni kukusanya pointi. Sizifuti hoja hizo leo. Ukipita kwenye vibanda vya gemu jioni utawaelewa wazazi wanaolalamika. Lakini nakiri kwamba nilikuwa nikilihukumu soko zima kwa kuonja kapu moja, tena kapu lililowekwa mlangoni.

Aliyenifungua macho ni mwanachuo wa mwaka wa tatu katika chuo cha theolojia ninakofundisha. Tulikuwa tumemaliza kipindi juu ya Kitabu cha Mhubiri, nami nililalamika kidogo kwamba darasa halikuguswa. Mchana akabisha hodi ofisini. "Shikamoo, Mchungaji. Naomba dakika tano tu, sizidishi." Nilidhani ameleta shida ya ada. Badala yake akafungua kompyuta yake, akaiweka juu ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha, akasema, "Baba Mchungaji, bonyeza mshale huu wa kulia utembee. Mimi sitasema neno." Baada ya dakika tano mchezo ulikuwa umekwisha, na mimi ndiye niliyekuwa sina neno.

Mchezo ule unaitwa Passage. Aliutengeneza Mmarekani mmoja, Jason Rohrer, mwaka 2007, akaugawa bure. Picha yake yote ni ukanda mwembamba wa vinukta 100 kwa 16, mwembamba kiasi kwamba unaweza kudhani skrini imeharibika. Upande wa kushoto yuko mtu mdogo, na wewe ndiye unayemtembeza. Karibu na mwanzo amesimama mwanamke. Ukimgusa, mnakuwa wawili na mnatembea pamoja hadi mwisho. Ukimpita, utatembea peke yako. Chini ya njia kuu kuna vichochoro vyenye vizuizi na masanduku ya hazina, lakini vichochoro vingine ni vyembamba na watu wawili hawapiti. Mwenye mke hawezi kuyafikia baadhi ya masanduku. Hata hivyo, anayetembea na mwenzake huongezewa pointi kwa kila hatua ya nchi mpya wanayoiona pamoja. Kwa hiyo hakuna anayepata vyote.

Jambo lililoninyamazisha ni namna mchezo unavyoonyesha muda. Mwanzoni mtu huyo yuko kushoto kabisa, na sehemu kubwa ya ukanda ni mambo yaliyo mbele yake, yamebanwa na kufifia. Miaka inavyopita anasogea kuelekea kulia, polepole mno hata huoni anavyosogea. Nywele zinabadilika, mgongo unainama. Ukija kushtuka, yaliyofifia si ya mbele tena, ni ya nyuma. Kisha mke anakufa, linabaki jiwe la kaburi. Mume anaendelea kutembea kwa shida, halafu naye anakufa. Pointi zipo pale juu kwenye kona, lakini sijaona mtu anayezitazama wakati huo. Mimi nilikuwa nimefundisha Mhubiri kwa saa mbili, na mchezo ule ulikuwa umefundisha sura ya kwanza na ya kumi na mbili kwa dakika tano.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta michezo ya namna hii, nikiicheza usiku baada ya ibada ya nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu. Hii ni michezo ya watengenezaji huru. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza hakuajiriwa na kampuni kubwa yenye mamia ya mafundi na bajeti ya mamilioni ya dola. Mara nyingi ni mtu mmoja au watu wachache. Yeye huyo anachora, anaandika maneno, anatunga muziki na kuunganisha programu. Ni kama fundi cherehani wa barazani ukimlinganisha na kiwanda. Kiwanda kinashona shati la kumtosha kila mtu. Fundi wa barazani anaweza kukushonea kitu cha ajabu, kisichouzika mahali pengine, lakini kimeshonwa kwa ajili ya bega lako. Kwa sababu hahitaji kuwapendeza wanunuzi milioni kumi, anaweza kutengeneza mchezo ambao kampuni isingethubutu: mchezo ambao mchezaji hashindi.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Katika mwaka 1518, kule Heidelberg, Martin Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Mwanatheolojia wa utukufu anamtafuta Mungu katika nguvu na mafanikio, na kwa sababu hiyo anaishia kuuita uovu wema na wema uovu. Mwanatheolojia wa msalaba anamtazama Mungu aliyejificha katika mateso ya Kristo, na anakiita kila kitu kwa jina lake. Nimeanza kuamini kwamba gemu nyingi kubwa ni mahubiri ya theolojia ya utukufu: jitahidi, pata nguvu, mpige adui, panda ngazi. Tusizicheke, maana mahubiri ya aina hiyo yamejaa hata kwenye majukwaa na spika za mitaani kwetu. Swali langu la uhakiki ni hili: je, michezo midogo inaweza kukiita kitu kwa jina lake? Nitaipima mitatu zaidi kwa swali hilo.

Wa kwanza ni Papers, Please, uliotengenezwa na Lucas Pope na kutolewa mwaka 2013. Mwaka uliofuata ulipata tuzo kuu katika tamasha la michezo huru linalofanyika Marekani. Wewe ni karani wa uhamiaji katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Umepata kazi hiyo kwa bahati nasibu ya serikali. Kazi yenyewe ni kukaa kibandani, kupokea pasi za watu, kulinganisha tarehe, majina, uzito na picha, kisha kugonga muhuri wa kijani au mwekundu. Kila siku sheria zinaongezeka. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa, na jioni unagawa mshahara: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa. Nyumbani wako mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Ukiwa na mkono mzito kazini, mtu analala na baridi.

Ukisikia hivyo utasema mchezo huu hauna raha yoyote. Ajabu ni kwamba unachekesha pia. Yuko mzee mmoja, Jorji, anayefika na pasi aliyoichora mwenyewe kwa mkono, ya nchi ambayo haipo. Unamfukuza, anakushukuru kwa furaha, na kesho anarudi. Nimewahi kukutana na wazee wa namna hiyo katika ofisi ya usharika, wakiomba cheti cha ubatizo wa mahali wasipopakumbuka.

Lakini siku ya tano hivi anafika mwanamume mwenye karatasi zote. Unamgongea kijani. Kabla hajaondoka anakuomba umhurumie mkewe, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika, hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa. Mkononi una mihuri miwili, na foleni inasubiri.

Mchezo huu una sheria moja ndogo ambayo kwangu ndiyo moyo wake. Kila siku makosa mawili ya kwanza unapewa onyo tu, la tatu ndilo linalokatwa kwenye mshahara. Maana yake ni kwamba unaweza kumudu huruma mbili kwa siku bila gharama. Nilipoligundua hilo, nilianza kuzitunza huruma zangu mbili kama mtu anavyotunza vocha ya simu. Nikimaliza moja kwa kuzembea tarehe asubuhi, yule wa mchana mwenye shida ya kweli nilimtazama kwa wasiwasi: je, nikimpa huyu iliyobaki, akija mwingine mwenye shida zaidi? Yule mama nilimpitisha. Lakini siku mbili baadaye nilimrudisha mtu mwingine mwenye maombi kama yale yale, kwa sababu huruma zangu zilikuwa zimekwisha na mtoto wa nyumbani alikuwa mgonjwa. Niligonga mwekundu bila hata kusoma maneno yake hadi mwisho.

Luther alitufundisha kwamba wito wetu si wa madhabahuni tu. Karani, mama jikoni, fundi viatu, wote wanamtumikia jirani katika nafasi zao, na Mungu anamlinda mwanadamu kupitia mikono yao. Ni fundisho zuri, nami nimelihubiri mara nyingi. Papers, Please unauliza swali ambalo mahubiri yangu hayakuliuliza: nafasi yenyewe ikiwa imepinda, je? Wakunga Shifra na Pua katika Kutoka sura ya kwanza walikuwa na wito na mwajiri, na mwajiri aliagiza mauaji. Walimcha Mungu, wakakataa. Nilikuwa nikiwahubiri kana kwamba uamuzi wao ulikuja mara moja, kwa sauti kubwa. Baada ya kukaa kwenye kibanda kile ninawaza kwamba huenda ulikuwa ukija kila siku, mtoto kwa mtoto, mchana wa uchovu.

Kasoro ya mchezo huu ni kwamba unakupa miisho 20 tofauti, na mingine ni ya kisiasa, ya njama na mapinduzi. Hapo unalegea na kufanana na filamu. Nguvu yake iko katika muhuri, na usingepaswa kuuacha.

Wa pili ni Undertale, uliotolewa mwaka 2015 na Mmarekani Toby Fox, ambaye aliandika karibu kila kitu na kutunga muziki, akisaidiwa na wachache katika michoro. Mtoto ameanguka chini ya ardhi, kwenye ulimwengu wa madubwana. Kila unapokutana na dubwana unapewa vitufe vinne, na kimojawapo kimeandikwa Huruma. Mchezo mzima unaweza kuumaliza bila kuua hata mmoja. Yapo madubwana yanayotaka kusifiwa tu, na lipo jingine, mbwa mlinzi, ambalo linatulia ukilipapasa. Nilicheka peke yangu hadi mama watoto akaja kuuliza kuna nini.

Kicheko hicho kina mtego. Karibu na mwanzo unatunzwa na mama mmoja aitwaye Toriel. Ukitaka kuondoka anakuzuia kwa kupigana nawe, kwa kuwa anakuhofia usidhurike huko mbele. Kumwepusha inabidi ubonyeze Huruma mara nyingi sana, bila dalili kwamba inasaidia. Mimi nilichoka. Nikadhani nimpige kidogo tu atulie. Akafa. Nikafanya kile ambacho kila mchezaji hufanya: nikazima, nikarudi nyuma mahali nilipohifadhi, nikacheza upya, safari hii nikavumilia hadi akaniachia. Nikapumua. Mbele kidogo likatokea ua moja lenye tabasamu baya, likaniambia linajua nilichofanya. Nilimuua, kisha nikarudi nyuma kwa sababu dhamiri ilinisuta. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya Zaburi ya 139, kwamba hakuna mahali pa kujificha, na sijawahi kutetemeka kama nilivyotetemeka mbele ya ua lile la kuchorwa.

Baadaye sana, katika ukumbi mrefu wenye madirisha ya dhahabu kama kanisa, unasimamishwa na kuhukumiwa. Hapo unaambiwa kwamba zile pointi za uzoefu ulizozikusanya, kama zilivyo katika gemu zote, humu zilikuwa hesabu ya mauaji. Mchezaji anayechagua kuangamiza kila kiumbe anaukuta ulimwengu mtupu. Akitaka urudi, anadaiwa roho yake. Akishaitoa, hata akicheza baadaye kwa upole kabisa, mwisho wa furaha una doa lisilotoka.

Sijaona muhubiri wa Sheria aliye mkali hivi. Walutheri tunajua kazi ya Sheria: ni kioo. Undertale ni kioo kilichosafishwa vizuri sana. Lakini uhakiki wangu kwa mchezo huu ndio mkubwa kuliko wote. Mchezaji anaweza kuwasamehe wengine, na kuna dakika nzuri ambapo anaulizwa hivyo. Lakini aliyeua wote hana wa kumsamehe. Anachoweza ni kuanza upya tu, yaani kufuta. Na kufuta si msamaha. Anayefuta anajifanya halikutokea. Anayesamehe analitazama lilivyotokea, anakubali kubeba gharama yake, na ndipo anamwachilia aliyetenda. Petro hakupewa kuanza upya kana kwamba jogoo hakuwika. Aliulizwa mara tatu kando ya moto, mbele ya wenzake, na akapewa kundi la kulisha. Nawaambia vijana wangu: Undertale itawafikisha hadi mlango wa kitubio. Kuingia ndani kunahitaji mtu wa kuwatamkia neno la ondoleo, na neno hilo halimo katika mchezo.

Wa mwisho ni That Dragon, Cancer. Kabla sijauhakiki, lazima niseme kwa nini niliuahirisha kwa miezi mitatu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mchungaji wa usharika, nilimzika mtoto wa miaka minne. Ilikuwa saratani. Baba yake alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu mkimya. Tulikuwa tumemwombea mtoto yule kwa kufunga, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama madhabahuni nikasema nina imani atapona. Makaburini nilimshika mkono baba yule, nikamwambia kwamba Mungu amechuma ua zuri kwa ajili ya bustani yake. Aliitika, "Asante, Mchungaji." Hakurudi kwaya. Baada ya Pasaka hakurudi kanisani. Mimi niliwaambia wazee wa kanisa kwamba imani yake imetikisika, tumwombee. Sikwenda kwake. Nilikuwa na shughuli nyingi, na niliogopa.

That Dragon, Cancer ulitengenezwa na wazazi Wakristo wa Marekani, Ryan na Amy Green, pamoja na mwenzao Josh Larson na kikundi kidogo. Mtoto wao Joel aligundulika na uvimbe wa saratani kichwani akiwa na umri wa mwaka mmoja. Madaktari walimpa muda mfupi, akaishi miaka mingine minne, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Walianza kuutengeneza mchezo angali hai, bila kujua utaishaje. Ulitolewa tarehe 12 Januari 2016, siku ambayo Joel angetimiza miaka saba.

Unadumu saa mbili hivi. Watu wamechorwa bila macho wala midomo, lakini sauti ni za familia yenyewe, na kicheko unachosikia ni kicheko cha Joel. Unawalisha bata mkate kwenye bwawa. Unamsukuma mtoto kwenye kigari katika korido za hospitali, mkikimbia kama kwenye mashindano. Kuna sehemu iliyotengenezwa kama gemu ya kizamani, Joel akiwa shujaa mdogo mwenye silaha anayepigana na joka, na wazazi wanawasimulia kaka zake huku wakitafuta namna ya kuwajibu: kama ni shujaa, mbona anachoka?

Wazazi hawaamini kwa namna moja. Kuna sehemu Amy yuko kwenye mashua, amekaa katika tumaini la uponyaji, na Ryan yuko chini ya maji akizama. Unaweza kumwongoza aelekee juu. Hataki. Sijawahi kuona katika kitabu chochote cha malezi ya ndoa picha ya kweli kama hiyo ya nyumba iliyofiwa au inayongojea kufiwa: wote wawili wanampenda Mungu, mmoja anaelea, mwingine anazama, na wanalala kitanda kimoja.

Lakini sehemu iliyonishika ni ile ya usiku hospitalini. Joel ana kiu, anatapika kila anachopewa, analia. Wewe ni baba yake ndani ya chumba. Unabonyeza huku na huku. Unampa juisi, haisaidii. Unambeba, haisaidii. Unakaa, unasimama, unatembea. Kilio kinaendelea. Mkono wangu ulitafuta kitufe sahihi, kwa sababu gemu zote zimetufundisha kwamba kitufe sahihi kipo. Hapa hakipo. Mwishowe baba anaomba, si maombi ya jukwaani, bali maneno ya mtu aliyeishiwa, na mtoto ananyamaza, analala. Mchezo haukuambii kwamba maombi ni kitufe kilichokuwa kimefichwa. Asubuhi saratani ipo palepale. Usiku mmoja tu umepita, na Mungu alikuwa katika usiku ule.

Nilizima kompyuta. Nilikumbuka kwamba mimi nilikuwa nimepewa chumba kama kile, na nilikuwa nimetafuta kitufe. Lile neno la ua na bustani lilikuwa kitufe. Nililibonyeza ili kilio kiishe, na kilio nilichotaka kiishe kilikuwa changu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi yao pekee iliyokuwa njema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Mimi sikuwapa hata dakika saba. Luther mwenyewe, alipofiwa na binti yake Magdalena mwenye miaka 13 mwaka 1542, hakuficha kwamba moyo wake ulipasuka, pamoja na yote aliyoamini kuhusu ufufuo. Na Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atakachofanya baada ya dakika chache.

Kama mhakiki nina malalamiko juu ya mchezo huu. Mara nyingine hujui ubonyeze wapi, na kuchanganyikiwa huko hakutokani na huzuni, kunatokana na ufundi. Sehemu chache zinazungumza mno, zikisahau kwamba picha imeshasema. Na mwisho, ambapo tunamkuta Joel upande wa pili, mahali pa mwanga, akila chapati zake tamu na kupuliza mapovu ya sabuni, unaweza kuitwa rahisi. Wapo watakaosema wazazi hawa nao wamechuma ua na kulipanda bustanini. Nimeliwaza sana hilo, na sikubaliani. Neno langu na picha yao vinafanana kwa nje, lakini wao wamelitamka baada ya saa mbili za kukaa chumbani, baada ya kanisa kubwa lenye mishumaa ambamo maombi ya watu wengi yanasikika, kisha yanakoma, na mtoto anakufa. Mimi nililitamka kabla udongo haujakauka. Ufufuo hauji kabla ya Jumamosi kuu. Theolojia ya msalaba haikatazi kusema juu ya uzima wa milele. Inakataza kuutumia uzima wa milele kama kitambaa cha kumfunika mtu mdomo.

Basi, je, michezo midogo inaweza kukiita kitu kwa jina lake? Nimeona kwamba inaweza, kila mmoja kwa kiasi chake. Passage unaita mauti mauti, ila hamjui Muumba ambaye Mhubiri anamkumbuka, na mke wake ni wa kimya mno. Papers, Please unaita dhambi ya mfumo dhambi, na unakuonyesha mkono wako ndani yake. Undertale ni Sheria isiyo na Injili. That Dragon, Cancer ndio pekee ninaouona umesimama chini ya msalaba, pamoja na kasoro zake za ufundi.

Wachungaji wenzangu wataniuliza kama nawashauri waumini wakae wakicheza. Hapana. Hoja zangu tatu za zamani bado zipo, na kijana anayecheza hadi saa nane usiku nitamkemea kesho kama jana. Ninachoomba ni tufanye kama tunavyofanya kwa vitabu na nyimbo: tupambanue. Mzazi akae na mtoto wake, amwulize mchezo huu unasema nini juu ya kushinda na kushindwa, na kuna nafasi gani ya anayeshindwa. Darasa langu la huduma ya kichungaji sasa linacheza ile sehemu ya usiku hospitalini kabla sijawafundisha namna ya kumtembelea aliyefiwa. Wanapoanza kubonyeza kwa haraka, siwazuii.

Na wiki mbili baada ya kuucheza mchezo ule, nilipanda basi hadi kwenye usharika wangu wa zamani. Nilimkuta yule baba nyuma ya nyumba, anapalilia migomba. Nilimwambia kwamba siku ile makaburini nilisema neno ambalo sikupaswa kusema, na kwamba nimechelewa mno kuja. Hakunijibu. Aliendelea na jembe, nami nikakaa juu ya gogo. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia kwa kawaida. Kisha akaanza kuniambia habari za mtoto wake: alivyopenda kufukuza kuku, alivyokuwa akikosea maneno ya wimbo wa Krismasi. Sikujua hata moja katika hayo. Nilikuwa nimemzika mtoto ambaye sikuwahi kumwuliza habari zake.

Jioni ilipoingia akaegesha jembe, akasema, "Karibu ndani, Mchungaji, mama ameweka chai." Kanisani sijui kama atarudi, na sikumwuliza. Nimeahidi kwenda tena mwezi ujao.